Bunduki ya Kipimo cha Wengine

Mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mama Futi, kwa sababu ya ile futi ya kupimia nguo inayoning'inia shingoni mwake tangu anapofungua duka la cherehani asubuhi hadi anapolifunga jioni. Nasikia hata msibani amewahi kwenda nayo, akaambiwa na wenzake aitoe. Ni mwanamke mfupi, mwenye mabega membamba na vidole vilivyozoea kazi ndogondogo: kutia uzi sindanoni, kufumua mshono bila kuchana kitambaa. Kiuno cha mteja hukikadiria kwa jicho kabla mwenyewe hajatamka neno. Sare nyingi za shule za hapa zimepita mikononi mwake, na kila mzazi anajua kwamba yeye hukata nguo ya mtoto kwa kuacha nafasi ya kukua, kiasi kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza hutembea kama waliovaa mahema.

Wageni hushangaa wakiambiwa kuwa mwanamke huyo ni mwindaji mwenye kibali. Wakulima wa ng'ambo ya mto hukiita kikundi cha wawindaji kila msimu nguruwe pori wanaposhuka kufukua mashamba, na marehemu baba yake alikuwa mmoja wao. Katika watoto wake wote, mzee huyo alimchukua msituni binti huyu peke yake, kwa maelezo kwamba ndiye aliyeweza kukaa kimya. Kaka yake mkubwa, karani ambaye sasa amestaafu, hakuweza hata kutazama kuku akichinjwa. Baba alipofariki, kibali kilihamishiwa kwa binti, pamoja na bunduki.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya kijeshi, ya vita ambavyo waliovipigana wamekwisha kuzikwa. Mbao yake ilianzia begani ikaufunika mtutu karibu hadi mdomoni, nzito, nyeusi kwa mafuta ya mikono ya watu wasiojulikana, na kitakoni ilifungwa bamba la chuma lisilo na huruma na bega la mtu. Ilitengenezwa kwa ajili ya askari mrefu aliyevaa koti zito. Mama Futi aliipokea kama ilivyo na kuibeba kama ilivyo, miaka yote, akinyoosha shingo na kujipinda mgongo ili jicho lake lifike mahali pa kulengea.

Msimu uliopita alimpiga nguruwe jike mguuni. Mnyama alilia, akaingia kichakani, na wawindaji wakafuata damu mpaka mvua ikaifuta. Hawakumpata. Tangu hapo, mwenyekiti wa kikundi, mwanajeshi wa zamani ambaye hata akikaa huonekana kama amesimama, akaweka kanuni: kabla ya msimu kuanza kila mmoja atapiga risasi tatu kwenye duara lenye ukubwa wa sahani, na atakayekosa atabaki kambini kulinda magari na kuchemsha chai. Kanuni ilitangazwa kuwa ya wote, lakini hakuna asiyejua ilikuwa imeshonewa nani.

Mama Futi alinisimulia hayo akinipima suruali, pini zikiwa mdomoni, kwa hiyo ilinibidi nimwombe arudie. Akazitoa pini.

"Kuchemsha chai sikatai, mwalimu. Chai naichemsha kila siku. Ila nikimwachia mnyama kidonda mara nyingine, bunduki naipeleka kituoni kwa polisi mwenyewe na kibali chake. Sisubiri mwenyekiti aniambie."

Nilimpeleka kwa fundi bunduki kwa sababu nina gari, wala si kwa sababu nilikuwa na ushauri wa kumpa. Nimefundisha historia chuoni karibu maisha yangu yote ya kazi, na bunduki nilizozifahamu hadi siku hiyo zilikuwa zile za kwenye tanbihi. Mpaka sasa najiuliza kama nimeyaelewa sawasawa niliyoyaona, lakini niliyaona.

Karakana ilinuka mafuta ya mashine na maranda. Ukutani zilipangwa mbao za bunduki, nyingine mpya, nyingine zimetolewa kwenye silaha zilizokufa, zikifanana na miguu inayosubiri miili. Fundi alikuwa mtu mnene mwenye miwani machoni na nyingine juu ya paji la uso. Mama Futi alikuwa amekuja na uamuzi wake tayari: kitako kikatwe kidogo, kiwekwe mpira, biashara iishe. Fundi hakukataa. Alimwomba tu aiweke begani kama anavyofanya msituni. Kitako hakikukaa kwenye kishimo cha bega. Kilikwenda kuegemea juu ya mkono, kwenye nyama. Fundi akamwomba radhi, akamtaka apandishe mkono wa blauzi. Palikuwa na alama ya buluu iliyokwisha kugeuka kahawia, kubwa kama kiganja, na chini yake nyingine ya zamani zaidi.

"Hii haikuumi, dada?"

"Nilidhani ndivyo bunduki ilivyo," akajibu Mama Futi.

Nyuma ya karakana palikuwa na uwanja mwembamba unaoishia kwenye kifusi cha udongo. Fundi aliijaza bunduki mwenyewe, akiwa ametupa mgongo, mara risasi halisi, mara risasi bandia isiyo na baruti, bila kumwambia ipi ni ipi. Ya kwanza ililia. Ya pili haikulia, ila Mama Futi alikuwa ameshafumba macho, na mdomo wa mtutu ukainama ghafla kama kuku anayedonoa. Safari hii hakukuwa na mshindo wa kusingizia. Alibaki ameshika bunduki, akiutazama mtutu kana kwamba ulikuwa umemsengenya.

Fundi alimweleza taratibu kwamba hakosi kwa kutojua kulenga. Mwili wake ulikuwa umepigwa miaka mingi na lile bamba la chuma, ukajifunza kukimbia kabla ya kuguswa. Dawa ilikuwa kuupa mwili sababu ya kukaa.

Hapo ndipo uchaguzi ulipoanza, na niseme wazi kuwa ulichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Palikuwa na mbao mpya ambayo kwa kweli ilikuwa plastiki, nyeusi, isiyovimba kwa mvua wala kupasuka kwa jua. Mama Futi aliipenda kwa wepesi wake, mpaka fundi alipomwambia kwamba wepesi huo huo ndio utakaomuumiza: bunduki nyepesi hupiga teke zaidi, na risasi za jeshi hazikutengenezwa kwa ajili ya kubembeleza. Kisha palikuwa na uwezekano wa kuchonga mbao mpya kwa kipimo chake, kazi nzuri kuliko zote, ila mti uliokuwepo ulikuwa bado mbichi na msimu ulikuwa umekaribia. Mwisho fundi akashusha mbao ya mitumba, iliyotoka kwenye bunduki ya aina ile ile. Mmiliki wake wa kwanza, bila shaka mtu mfupi, alikuwa ameikata, akaipunguza unene pale kiganja kinaposhika, na akaondoa ile mbao yote ya mbele iliyofunika mtutu. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa, isipokuwa kipande kimoja kilichobandikwa ubavuni, ambacho kilikuwa chekundu. Ilikuwa mbaya kwa kweli. Nilijizuia kusema.

Mama Futi alitoa futi yake shingoni akaipima, akasema iongezwe kidogo kitakoni, pawepo nafasi.

"Nafasi ya nini?" akauliza fundi. "Bunduki haikui, na sisi wawili, dada yangu, tumeshakua mpaka tumeanza kurudi."

Mama Futi alicheka mpaka akakaa. Hata hivyo hakuichukua siku hiyo. Alisema lazima kwanza azungumze na kaka yake.

Kaka alikuja dukani siku ya pili, nami nilikuwepo kwa ajili ya ile suruali. Alikuwa amesikia neno "kukata" na alikuwa amejiandaa. Alieleza kwa utulivu, kama mtu anayesoma kumbukumbu za kikao, kwamba bunduki ile ilikuwa kitu kimoja tangu ilipotoka kiwandani, kwamba watu wanaokusanya silaha za kale huithamini ile tu ambayo haijaguswa, na kwamba mbao ile ndipo baba alipoweka shavu lake. Akiikata, atakuwa amemkata mzee. Sikuona kosa katika hoja hiyo. Mimi mwenyewe huwafundisha vijana wasiguse ushahidi, na kwa muda nilijikuta nikiitikia kwa kichwa kumuunga mkono, jambo ambalo halikunihusu.

Mama Futi aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mshono ukafika mwisho, akakata uzi.

"Kaka, mbao ya baba siikati. Nilitaka, nimeacha. Koti la mtu mzima ukilipunguza mikono halijawa la mtoto. Mabega yanabaki. Ile naweza kuikata leo na kesho, bado kiganja changu hakiizunguki. Si yangu ile. Ni ya baba, nayo itabaki ya baba. Naomba uje uichukue ukae nayo."

"Niichukue mbao tupu?"

"Mbao tupu. Chuma nabaki nacho, ndicho kinachowinda."

Kaka alikuwa amekuja kuizuia mbao isiguswe, na sasa alikuwa anapewa aitunze mwenyewe. Sidhani kama alikuwa ameandaa hoja ya upande huo. Mwisho akasema kwamba mbao ile ya mitumba, kwa alivyoelezwa, inafanana na mguu wa meza ya hoteli. Mama Futi akamjibu kwamba meza ya hoteli angalau inasimama, tofauti na kile kiti kibovu cha nyumbani kwake. Wakacheka wote wawili, na nikaelewa kwamba limekwisha. Mbao ya baba leo imetundikwa sebuleni kwa kaka, ndefu, haina chuma, na wageni huuliza kama ni kasia.

Fundi alihamisha chuma kwenye ile mbao ya mitumba, akafunga mpira mnene kitakoni. Alimtaka Mama Futi afumbe macho, ainyanyue begani, kisha afumbue. Alipofumbua, mahali pa kulengea palikuwa mbele ya jicho lake bila ya yeye kunyoosha shingo. Alirudia. Aliirudisha chini, akaipandisha tena, mara nyingi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kiatu akaona hakuna kinachombana, akaanza kutilia shaka kumbukumbu zake za viatu vyote vya nyuma. Fundi alimwagiza arudi kabla ya siku ya kupimwa ili waipige na kurekebisha shabaha, kwa sababu mbao nyingine huushika mtutu kwa namna nyingine.

Hakurudi. Shule zilikuwa zinafunguliwa, na duka lilijaa wazazi hadi barazani. Alifanya mazoezi nyumbani kwa bunduki tupu, akilenga kalenda ukutani, akijifunza kubana kifyatulio pasipo kufumba macho. Akadhani inatosha.

Siku ya kupimwa wawindaji walisimama mstarini kwenye uwanja wa nje ya mji, na fundi bunduki alikuwepo na sanduku la vifaa vyake, kama kila mwaka. Zamu ya Mama Futi ilipofika, nilimtazama yeye badala ya shabaha. Alipiga ya kwanza, macho wazi. Bega lake lilirudi nyuma na kutulia. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu pia. Mtutu haukudonoa hata mara moja.

Walipokwenda kutazama, duara lilikuwa safi. Risasi zote tatu zilikuwa zimeingia juu kushoto, nje ya mstari, zimekaribiana kiasi kwamba mwenyekiti aliziziba kwa kiganja kimoja. Kisha mwindaji mmoja, muuza vipuri asiyeweza kuacha nafasi ya utani ipite, akasema Mama Futi ameshona kifungo pembeni ya tundu.

"Kifungo kikikaa pembeni, shati halitupwi," akasema Mama Futi. Hakuwa akimjibu yeye. Alikuwa akimtazama mwenyekiti. "Kinahamishwa kifungo."

Mwenyekiti hakutabasamu. Aliondoa kiganja chake, akazitazama tena zile tundu tatu. Aliuliza kama mbao ni nyingine, akaambiwa ndiyo. Aliuliza kama iliwahi kupigwa risasi tangu ibadilishwe, na Mama Futi akasema haikuwahi, kosa ni lake, aliambiwa arudi kwa fundi akabaki na sare za watoto. Muuza vipuri alikumbusha kwamba kanuni ni zamu moja kwa kila mtu. Mwenyekiti alimjibu kwamba kanuni aliiandika yeye, na aliiandika kumzuia mtu asiyejua risasi yake itakwenda wapi; mtu anayezituma tatu mahali pamoja anajua. Akamwambia Mama Futi asubiri wenzake wamalize, ndipo arudi apige tena.

"Ila zote tatu, mama. Si moja."

Fundi aligonga kwa nyundo ndogo kile kijiti cha kulengea kilicho mbele ya mtutu, kidogo kidogo, akichungulia kwa miwani hii na kuibadilisha kwa ile nyingine. Mama Futi alikaa chini karibu naye akiwatazama wengine wakipiga. Sikumsogelea.

Alirudi mstarini wa mwisho. Mbili zilikuwa ndani bila ubishi. Ya tatu ilikuwa imegusa mstari, na mwenyekiti aliinama kuitazama kwa muda uliotosha mimi kuhesabu hoja za pande zote mbili na kukosa msimamo. Akajinyoosha.

"Imeingia," akasema.

Hapakuwa na vigelegele. Watu walianza kufunga vitu vyao. Mwenyekiti alimwambia kwamba atamweka kijitoni, pale nguruwe wanapotokeza karibu na kupita kwa kasi, kwa sababu mahali hapo panamhitaji mtu asiyepiga ovyo. Mama Futi aliuliza kutoka hapo hadi kwenye kichaka ni umbali gani na jua litakuwa upande upi asubuhi. Mwenyekiti akachuchumaa, akaanza kumchorea mchangani kwa kidole, naye akachuchumaa upande wa pili, bunduki ikiwa wazi na tupu juu ya mapaja yake.