Santuri ya Jirani na Wimbo wa Mama Mkwe

Nakumbuka, mwanangu, mwaka nilioolewa, tulipokaa kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa Nakuru, miaka ile ya hamsini na kitu. Babu yako alikuwa akichochea moto kwenye garimoshi, leo yuko nyumbani, kesho hayupo. Nyumbani tulikuwa wawili: mimi na mama yake, aliyekuja kutoka magharibi baada ya kufiwa na mumewe.

Upande wa pili wa ukuta aliishi Bibi Zuhura, mshonaji, ambaye wazazi wake walitoka pwani. Alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Kila asubuhi santuri ililia huko, na mimi nikajiuliza: huyu mama anafua saa ngapi? Lakini kamba yake ilijaa nguo safi kabla ya yangu! Kuuliza si ujinga. Nikamuuliza.

Akacheka. "Binti, santuri ikiimba mimi nasugua. Ikinyamaza, nanyoosha mgongo nikiizungusha tena. Wewe nani anakuambia upumzike?"

Mama mkwe hakutaka kusikia habari hizo. "Nyumba ya kazi haina ngoma," alisema, akarudi kwenye kimya chake. Na kimya kingi, mwanangu, kina mshindo mkuu.

Basi Bibi Zuhura akaenda harusini Subukia, akaniachia gramafoni nimtunzie, vumbi letu hili lisiiingie. Mama mkwe alipotoka kwenda sokoni, nikaweka santuri, nikamwaga maji, nikaanza kupiga deki. Lo! Kiuno chenyewe kilijua kazi.

Nilipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa mlangoni na kikapu chake. Nikarukia sindano ya gramafoni niiondoe.

"Iache," akasema.

Akaketi, akavuta ungo, akaanza kuchambua maharagwe. Santuri ikaisha. Yeye akaanza kuimba kwa kuvumisha, lakini haukuwa wimbo wa santuri. Ulikuwa wake.

Ningeweza kunyamaza kwa heshima. Lakini nilitaka kujua.

"Mama, huo ni wimbo gani?"

Akatupa maharagwe mabovu pembeni. "Wa kusagia wimbi. Rispa wangu alikuwa anaanza, mimi naitikia. Alipokufa nikasaga kimya. Niliogopa nikiimba peke yangu, nitazoea kuwa hayupo."

Sikuwahi kusikia kwamba babu yako alikuwa na dada.

"Alikuwa anaanzaje?" nikauliza.

Akanitazama, akaimba sauti ya Rispa, nyembamba, imejaa mikwaruzo. Nikaijaribu. Nikakosea. Akanirekebisha kwa ukali, nikarudia, naye akaitikia huku machozi yakidondoka kwenye maharagwe. Kisha akajifuta kwa leso, akaniambia, "Na hiyo sakafu? Sabuni inakukaukia! Wimbo usaidie mikono, usiile."

Tangu siku hiyo tulifanya kazi tukiimba, na jioni alianza kunisimulia habari za Rispa, moja moja, hata mwanawe akirudi safarini alitukuta tukicheka.

Sasa wewe, mwanangu, unaposafisha nyumba na muziki wako, furahi, wala usione haya. Kazi inayoimbiwa haichoshi moyo. Ila masikio yako yasijae muziki mpaka usimsikie aliye karibu. Ukimwona mtu amenyamaza, usiharakishe kusema ana roho ngumu. Muulize kwa upole alikuwa akiimba nini.

Mungu akupe mikono yenye nguvu, nyumba yenye sauti, na mtu wa kukuitikia.