Kitambaa cha Dada Sokoni

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Hata msibani huuliza. Basi shemeji wa dada yangu alipomvua kitambaa cha kichwa katikati ya soko la Ludara, miaka ile tuliporudi kutoka Kongo, watu walitazama tu, mimi nikauliza: Hili ni kosa, au ni utani?

Kwetu mdogo wa mume ana ruhusa ya kumtania mke wa kaka yake. Humvuta nguo, humwagia maji, humwita "mke wangu" mbele za watu. Lakini mume wa dada alikuwa amefariki, na mdogo wake, shemeji huyo, alitaka kumrithi dada. Dada hakutaka. Kama angecheka siku ile, soko zima lingesema amekubali. Hakucheka. Nilimwonea uchungu, kichwa wazi kati ya mafungu ya mihogo.

Kituoni, polisi wa zamu alimtazama dada juu mpaka chini. "Damu iko wapi? Mutu hapana pasuka, kesi hapana."

Tukapanda hadi mahakamani Arua Hill kufungua kesi ya madai. Hakimu alikuwa mzee mwenye mafua na Kiswahili cha vitabuni. Shemeji akawahi kujitetea: "Mzee, mimi hapana taka umiza yeye. Ilikuwa mchezo tu. Na mimi hapana gusa mwili. Mimi nagusa kitambaa."

Hakimu akapenga kamasi. Sheria, alisema, haiulizi kama ulitaka kuumiza. Inauliza kama ulikusudia kugusa, na mkono wako haukuteleza. Alichokivaa au kukishika mtu kinahesabiwa pamoja na mwili wake, iwe kitambaa, fimbo au kikapu kichwani. Jeraha si lazima. Nilifurahi kama niliyeokota sindano iliyopotea juzi.

"Lakini aliyeruhusu kuguswa hawezi kulalamika," akaendelea, na furaha ikanikauka. "Utani ni ruhusa. Mama, ulimwambia kwamba utani umekwisha?"

"Mimi hapana sema na mdomo," dada akajibu.

"Basi angejuaje?"

"Uliza yeye. Siku ya kumaliza msiba, mimi nasalimu yeye namna gani?"

"Yeye napiga magoti," akasema shemeji. Kwetu mwanamke hampigii magoti mtani wake. Huwapigia wakwe na wageni.

Hakimu akamgeukia shemeji.

"Wewe ukaelewa nini?"

"Mimi naelewa, mzee. Mimi nakataa tu kuelewa."

Hakimu akaamua kwamba ruhusa ilikuwa ya dada, na dada alikwisha kuiondoa; lile lilikuwa kosa. Karani akamrudishia dada kitambaa kilichokuwa mezani kama ushahidi. Alikifunga mwenyewe, polepole, mahakama nzima ikimsubiri.

Nje, shemeji alitupita, kisha akarudi. Alisimama mbali kidogo na dada, mikono ameiweka nyuma.

"Salamu, mama," akasema.