Jivu la Bibi na Bata Bukini wa Mdachi

Utotoni mwangu kazi iliyokuwa yangu peke yangu nyumbani ilikuwa kufagia uwanja, na niseme bila aibu kwamba nilikuwa fundi. Ufagio wangu haukuacha hata punje ya mtama. Tuliishi mwendo wa asubuhi moja kutoka Dodoma, enzi za Wadachi, katika nyumba ya tembe ya Baba, na mwaka ule nusu ya uwanja wetu ilitwaliwa na bata bukini watatu.

Walikuwa mali ya Mdachi mmoja, msimamizi wa reli, ambaye Baba alimchotea maji. Homa ilipompeleka pwani kutibiwa, alimwachia Baba ndege wake na onyo moja: akirudi akakuta wamepungua, ni viboko hamsa wa ishirini, yaani ishirini na vitano. Dume lao lilikuwa na roho mbaya ambayo sijaiona tena kwa ndege yeyote. Jike lilipoanza kuatamia, dume likawa linafukuza kila mwenye miguu, na kuku wa Bibi ndio walioumia zaidi.

Bibi, mama yake Baba, hakushangaa. "Shingo ya nyoka, sauti ya nyoka," alisema. "Na nyoka havuki jivu." Kila asubuhi alichota jivu jikoni, akachora mstari kutoka ukuta hadi ukuta. Huku kuku na gae lao la maji, kule bukini na gae lao, na pumba za kila upande zikamwagwa mbali na mstari. Mimi alinifundisha nisilikimbie lile dume wala kuligeuzia mgongo, ila nirudi nyuma taratibu nikilitazama. Amini usiamini, amani ikapatikana.

Tuliihitaji sana amani hiyo kwa sababu ya tetea mmoja mweusi tii. Bibi alikuwa amewaahidi wazee wa mvua kwamba watamchukua kwa tambiko. Mawingu yalikuwa yamechelewa na uwele ulikuwa unaisha ghalani. Bibi alinionya pia kwamba siku ya kumkabidhi tetea watu huchunga ndimi zao, kwani anayewadanganya wazee wa mvua, mvua hulipita shamba lake.

Siku waliyotarajiwa niliamua uwanja ung'ae. Nilifagia jivu lote. Nikaona yale magae mawili yanachukiza macho, nikayaweka pamoja karibu na mlango, na pumba zote nikazimwaga hapo hapo. Nilikuwa bado nautazama uwanja wangu kwa majivuno wakati kuku na bukini walipokutana kwenye chakula. Dume lilimkamata tetea mweusi shingoni, likampiga kwa mbawa, na lilipomwachia hakuinuka tena. Kisha likanigeukia mimi. Nikasahau mafunzo yote, nikakimbia nikipiga mayowe, nalo likaning'ang'ania nguo. Bibi alitoka bila haraka, akalishika shingo na kulibana mbawa kwapani kama anayebeba mzigo wa kuni.

Baba alikuja mbio na rungu. "Leo naliua, Mama. Liwalo na liwe!"

"Weka chini, mwanangu," Bibi alisema. "Kuku ni wangu. Mgongo ni wako."

Mimi nilikuwa nyuma ya ghala, nachungulia, ufagio ungali mkononi. Nilikuwa na hakika kwamba Ugogo nzima itakufa njaa kwa sababu ya ufagio wangu. Wazee wa mvua walipofika, mkubwa wao alimtazama tetea aliyekufa, akauliza imekuwaje.

"Upepo, mzee mwenzangu," Bibi alijibu. "Upepo umelichukua jivu langu, bukini wakavuka."

Mzee yule alitazama moshi wa jiko letu, uliokuwa umesimama wima, kisha akanitazama mimi na ufagio wangu. Akageuka, akaondoka na wenzake. Kesho yake Bibi alikwenda hadi Mvumi kubadilisha shanga zake za harusi kwa tetea mwingine mweusi.

Mvua ikanyesha. Mdachi alirudi, akawakuta ndege wake wote, na Baba hakuguswa. Mashamba ya majirani yalishiba maji, la Baba likashiba. Kishamba cha Bibi, kule chini ya mwamba, kilipata manyunyu tu, na uwele wake ukakauka ungali mdogo.

Sisi wa Ugogo tunajua kwamba mvua yetu hunyesha huku ikaacha kule. Na leo, nikiwa na kuku na bukini wangu mwenyewe, najua kwamba kilichowatenganisha ni maji na chakula vilivyowekwa mbalimbali, si jivu. Wajukuu wangu hunicheka wakiniona bado nachora mstari, nami nawaacha wacheke.

Lakini Bibi aliamini kila neno alilonifundisha. Msimu ule mzima tulipita naye kando ya uwele wake uliokauka tukienda kisimani, yeye mbele, mimi nyuma na kibuyu changu, na hakuwahi kuniuliza juu ya ule ufagio. Alijua tangu mwanzo kwamba shamba lake ndilo litakalolipa, na bado alisema ni upepo.