Zamu ya Chumba cha Mwisho

Walimwita Msumari, maana neno akishalishika haling'oki. Kazi yake hospitalini ilikuwa kutunza waya zinazounganisha kompyuta, na waya zake, wallahi, zilikuwa na kasi hata radi ilikuwa ikiziomba njia. Mkuu wa hospitali alimsifu mpaka shingo ikamrefuka kama twiga.

Siri ya kasi, aliyoipanga mwenyewe, ilikuwa moja: aliye mwanzo wa waya apeleke mzigo wake mpaka atosheke, ndipo wa nyuma apate. Masjala walikaa mwanzo. Chumba cha upasuaji, mwisho kabisa.

Asubuhi moja mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alianguka ngazini, akaletwa anavuja damu tumboni. Yuko kwenye meza ya upasuaji. Picha zake zimepigwa, ziko njiani, na hazifiki. Kwenye kioo cha kompyuta, kiduara kinazunguka tu, kama mbuzi kigingini.

"Msumari, nipasue wapi?" daktari alifoka. "Nipige ramli?"

Msumari alishuka masjala viatu mkononi. Mzee wa mafaili alikuwa anakunywa chai, kompyuta yake ikihamisha picha za wagonjwa waliopona zamani, wakaoa, wakazaa, wakasahau walikuwa wanaumwa nini.

"Simamisha, kaka!"

"We dada, si ulisema mwenyewe atanguliaye kisimani hunywa maji maenge?"

"Mdogo wangu yuko mezani."

Kikombe kikatua. "Basi ng'oa waya wangu. Ng'oa!"

Akaushika, akasita. Akimng'oa huyu, nyuma yake kuna maabara, na nyuma ya maabara duka la dawa, wote midomo wazi. Akaliendea sanduku la waya ukutani, akaanza kuandika upya amri za zamu, anakosea, anafuta: kila mmoja tonge moja, kisha sahani ipite.

Simu ikalia. Mkuu. "Kasi imeporomoka! Umefanya nini?"

Akaishusha simu sikioni. Alikuwa ametega sikio juu. Kisha sauti ya daktari ikashuka ngazi zote: "Bandama! Nimeiona! Kisu!"

Akakaa chini, palepale sakafuni, simu ikiendelea kumtukana mkononi.

Jioni mdogo mtu alifungua jicho moja. "Umechelewa, dada."

"Nilikuwa kwenye foleni," akasema Msumari, na shingo yake ilikuwa imerudi urefu wa binadamu.