Mkwe Aliyelala Kifudifudi

Uvumilivu wangu ulikatika pale bwana yangu aliponyoosha mkono kuomba kalamu.

Karani wa biro ya teritwari, ofisi ya serikali ya wilaya, alikuwa amesimama mlangoni kwetu, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu la kambi ya reli. Alikuwa amemaliza kutusomea karatasi kwa Kifaransa, kisha akaturudishia kwa Kiswahili, kidogo kidogo, kama mtu anayegawa chumvi ya bei ghali. Karatasi ilisema kwamba bwana yangu, infirmye, yaani muuguzi wa dispensari, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, siku ya fujo za stesheni alipigwa risasi ya mguu wakati akiwakimbilia askari na jiwe mkononi. Atie sahihi hapo chini. Akishatia, watangoja kidonda kikauke kidogo, halafu atahamishwa kwenda kukaa mbali, katika teritwari ya watu asiowajua, chini ya macho ya polisi, mpaka serikali ichoke naye. Mke na mtoto hawakutajwa. Kidonda kilikuwa bado kinatoa usaha; safari ya lori peke yake ingemmaliza.

Na yeye, aliyelala kifudifudi kitandani kwa sababu hakuweza kulala namna nyingine, akanyoosha mkono.

"Lete," akasema.

Alikuwa tayari kuitwa mwasi. Alikuwa tayari kuniachia mtoto ambaye shingo yake ilikuwa haijakaza. Kisa? Nyuma ya pazia la kitambaa cha kikwembe, mahali ambapo mtu akipiga chafya unamsikia, alikuwa amekaa mama yangu anachambua majani ya muhogo. Na kuikana ile karatasi maana yake ni mtu kutaja kwa sauti mahali risasi ilipoingia. Mbele ya mama mkwe! Afadhali kifungo.

Nilimnyang'anya karani kalamu, nikaichomeka kwenye nywele zangu.

"Mama mutoto," karani akasema, "ile kalamu iko ya biro."

"Itarudi biro. Nitaileta minyi mwenyewe. Sasa toka, mutoto anataka kunyonya."

Mtoto hata hakuwa analia. Mimi ndiye niliyetaka kulia, na sikuwa na mahali pa kukaa nilie.

Kwetu sisi Baluba, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwingine apite. Hawali pamoja, hawaitani jina. Mwili ndio kabisa: mama mkwe hajui kama mkwe wake ana magoti. Desturi hiyo ilikuwa rahisi kijijini, ambako nyumba zina nafasi kati yake. Lakini nyumba za kambi ya reli hapa Kamina zilichorwa na mtu asiyekuwa na mama mkwe. Chumba kimoja na kipande, basi.

Mama alikuja kutoka Kabondo-Dianda kwa ajili ya uzazi wangu, juu ya lori, katika ile barabara inayovunja watu viuno, na kapu la samaki wa kukauka mapajani. Mwanzoni tuliweza. Bwana yangu alitoka kabla jua halijachomoza. Akirudi, alikohoa kwa nguvu akiwa bado nje, mama akakimbilia jikoni uani. Kikohozi, mlango, kikohozi, mlango. Na kwa kweli alirudi mara chache, maana akitoka dispensari alikwenda kwenye mikutano. Alikuwa anapigania magodoro. Wagonjwa weusi walilala juu ya mbao na yeye hakunyamaza, akamwambia daktari, akamwambia padri, akawaambia watu wa reli, mpaka wakamfanya kiongozi wao. Tena alikuwa na msemo wake: mkutano bila bandeji ni mkutano wa wajinga. Kwa hiyo alichukua shuka langu la harusi, nililolipamba maua ya buluu kwa sindano nikiwa kwa masista, akalichana vipande, akavichemsha kwenye sufuria yangu ya bukari, ugali wetu. Nilimtukana siku hiyo. Na leo bado namtukana.

Siku ya risasi nilikuwa ndani. Kitovu cha mtoto kilikuwa hakijaanguka, na mzazi hatoki kabla ya hapo. Watu walikuwa wamekusanyika uwanja wa stesheni kwa sababu wajumbe wao wawili walikuwa wamekamatwa. Niliposikia mlio nilidhani ni mabehewa yanaunganishwa. Baadaye wakamleta dispensari juu ya mlango uliong'olewa, uso chini.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa letu wenyewe, sitalisingizia serikali. Wajomba zangu wanaofanya kazi Base, kambi ya jeshi, walifika mbio kumtazama. Wajomba ni wakwe vilevile. Polisi naye akafika, akauliza: "Amepigwa wapi?" Bwana yangu akawaona wakwe zake wamesimama, akasema, "Muguu." Infirmye mwenzake, Muluba kama sisi, aliyekuwa ameshika koleo na risasi yenyewe, akainamisha macho, akaandika mguu. Na mguu hauna mbele wala nyuma. Wakaujaza wanavyotaka: mguu unaokimbia, mguu unaowafuata askari. Dispensari ikamtoa, eti kitanda si cha mwasi. Wakamrudisha kwangu, kwenye chumba kimoja na kipande.

Tangu siku hiyo sikukaa. Nilikula nimesimama. Nilimwosha mtoto, nikamtupia pazia mama, nikamwosha bwana, nikafungua pazia, nikachota maji, nikafunga pazia. Mama akitaka kupita kwenda uani, ilibidi nimfunike bwana yangu kichwa na yote kama maiti, naye mama apite akitazama dari. Yule mtu ambaye bwana yangu alikuwa akimfunga bandeji risasi ilipolia, ambaye angeweza kusema ukweli, alikuwa ameshapanda treni akakimbilia upande wa Bukama. Simlaumu. Hata mimi ningepanda.

Basi karani alipoondoka bila kalamu, nilifunga mlango. Kisha mama, nyuma ya pazia:

"Ule karani ameenda?"

"Ameenda."

"Ambia bwana yako, kama anataka kufa, akufe na ugonjwa yake. Asikufe juu ya haya yangu."

Kutoka kitandani: "Ambia mama, sijasikia kitu."

"Ambia ye, amesikia."

"Mimi si simu ya stesheni!" nikasema. "Mnasikilizana wote wawili!"

Mama akaendelea kuchambua majani. Nilisikia vidole vyake. "Weye unafikiri minyi sijui? Muntu wa kuumia muguu analala juu ya tumbo mpaka lini? Siko kipofu. Nageuzaka macho tu." Akavuta fungu jingine la majani. "Na ile siku nilimuona."

Nikafungua pazia kwa ghafla. Bwana yangu akavuta blanketi mpaka masikioni.

"Ulimuona wapi?"

"Nilikuwa natoka soko na gunia ya makala ya kupikia, nafwata njia ya reli. Nikaona mugongo."

"Mgongo wa nani? Uwanja ulijaa watu!"

"Weye mutoto! Tangu alikuoa, minyi nimeona nini kwake kama si mugongo? Nikifika, anageuka. Akifika, nageuka. Uso yake, sijui kama iko na ndevu. Lakini ule mugongo najua, hata kati ya bantu elfu."

"Na alikuwa anafanya nini?"

"Amepiga magoti. Anafunga muntu mukono na kile kitambaa yako ya maua."

"Shuka langu."

"Njo ile. Na bale askari balikuwa kwa reli, upande wangu. Mi na bo tulikuwa upande mumoja. Sasa, kama minyi niliona mugongo, bo baliona nini? Uso?"

Nikakaa. Mara ya kwanza siku nyingi, nilikaa chini, sakafuni, karibu na majani ya muhogo.

"Halafu?"

"Halafu njo nikafanya ya desturi. Nikatua makala, nikajifunika kichwa, nikageukia ukuta ya matofali. Mulio, nilisikia niko ndani ya kikwembe."

"Mama! Juu ya nini hukusema?"

"Niseme namna gani? Niseme nimetazama mukwe wangu ameinama?"

Hapo niliwatukana wote wawili. Niliwaambia haya yao ina kitanda, ina blanketi, inalala ndani, na mimi na mtoto ndio tutakaolala nje. Niliwaambia watu wa uwanja mzima walijua, jirani anajua, anayeleta maji anajua, ni sisi watatu tu ndani ya chumba hiki tunaojifanya risasi ina adabu. Mtoto akaamka akalia kweli sasa. Nikampa ziwa nikiendelea kufoka.

Mama alingoja nimalize. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayepima unga sokoni, "Kusema nitasema. Lakini atanilipa kuku. Desturi njo desturi. Bila kuku kinywa hakifunguke."

Tulikuwa na kuku mmoja tu anayetaga.

"Mpe!" bwana yangu akapiga kelele chini ya blanketi. "Mpe huyo huyo mweusi!"

Alikuwa amekiri kwamba amemsikia. Halafu nikasikia mama anacheka ndani ya kikwembe chake, na kitandani naye akacheka, kicheko kikamvuta kidonda, akaanza kulia "mamee, mamee," na mama akamjibu kwa ukuta, "Mi niko hapa, lakini sitazame!"

Asubuhi nilienda biro. Mtoto mgongoni, kalamu kwenye nywele, mama nyuma yangu na kuku kwapani, maana kuku akibaki nyumbani, alisema, huenda mkwe akabadili mawazo. Tulisimama barazani mpaka jua likatufikia miguuni. Sikuweza kutulia; nilikwenda mwisho wa baraza nikarudi, nikaenda nikarudi, mpaka polisi wa mlangoni akaniambia, "Mama, unanipatia kizunguzungu."

Mkubwa wa teritwari alikuwa na mafua. Karani alikuwa kwenye mashine yake, akaiona kalamu kichwani mwangu, akatazama pembeni.

"Mwanamuke wa ndoa hawezi kushitaki bila ruhusa ya bwana yake," mkubwa akasema. "Njo sheria."

"Bwana yangu mmeandika ni mwasi. Sheria inataka nipate ruhusa ya mwasi?"

Akapenga kamasi. "Bwana yako mwenyewe alisema muguu."

"Alisema mguu juu ya wajomba zangu, na sasa anashikilia juu ya mama mkwe."

"Mama mukwe njo alimupiga risasi?"

Karani alikohoa. Hata mimi nilikaribia kucheka, na hilo likanizidishia hasira. Nikamweleza. Nilitaka kumweleza kwa Kifaransa, kwa kuwa mimi nimesoma sekondari na nilitaka ajue, lakini masista walitufundisha mwili kwa Kifaransa kuanzia kichwa mpaka kiuno, kisha wakaruka wakatua kwenye magoti. Neno sikuwa nalo. Nikalisema kwa Kiswahili, kwa sauti, madirisha yako wazi, baraza lote likasikia.

Mama alikataa kuingia. Alikaa kwenye kizingiti, ametupa mgongo, kuku mapajani, akaanza kuusimulia ukuta wa nje.

"Mwambie ageuke," mkubwa akasema.

"Bwana, masikio yako yanatosha," nikasema. "Anazungumza habari za mkwe wake. Akigeuka, atanyamaza."

Alisikiliza. Sijui kama aliamini. Mama alipofika pale pa "mi na bo tulikuwa upande mumoja," aliacha kupenga kamasi, akauliza wapi hasa, na mama akamwelekeza kwa mkono bila kugeuka: reli, matofali, mti wa taa. Akamtazama karani. "Andika," akasema. "Parke itaamua."

Parke ndiyo inayoshitaki watu. Safari hii itasoma mashtaka yangu. Karani akaweka karatasi mpya kwenye mashine, akaniuliza chini-chini, "Mama mutoto, ile neno niandike 'nyuma'?"

"Andika nilivyosema."

Nikataja, naye akaandika hivi:

Mimi, mke wa infirmye aliyepigwa risasi siku ya mkutano wa stesheni, mkazi wa kambi ya reli, Kamina, nimekuja kushitaki.

Namshitaki askari aliyempiga bwana yangu risasi kwa nyuma. Namshitaki pia aliyeandika kwamba bwana yangu aliwakimbilia askari na jiwe.

Risasi iliingia katika tako la kulia. Mwenye shaka amtume daktari aje atazame. Bwana yangu amekubali kutazamwa. Anayewakimbilia askari hapigwi huko.

Mkononi hakuwa na jiwe. Alikuwa na kipande cha shuka langu, chenye maua ya buluu. Kipande kilichobaki nimekileta, kiko mezani.

Neno "mguu" alilisema kwa heshima ya wakwe zake waliokuwa wamesimama mbele yake. Hakuwa anaungama kosa.

Naomba asihamishwe. Naomba arudishwe dispensari, kwenye kitanda chenye godoro. Naomba ile karatasi isiyo na sahihi yake ichanwe mbele yangu.

Shahidi ni mama yangu mzazi, wa Kabondo-Dianda. Hajui kusoma. Amesema alimtambua mkwe wake kwa mgongo, na askari walikuwa upande wake, waliona alichoona. Ametia kidole. Ameomba iandikwe kwamba usoni hajamtazama mpaka leo.

Nimesomewa, nimesoma tena mwenyewe, nimesahihisha mahali pawili, nimetia sahihi. Kalamu ni ya biro. Nimeirudisha.