Karibu ya Tatu

Tangu binti yake aolewe Maskati, Rifaat, mpiga pasi wa Shubra mjini Kairo, alizungumza naye kwa waifai ya mtu mwingine, na hakujua kama mtu huyo anajua. Ilitoka ghorofani juu ya kibanda chake, kwa Bi Insaf, mjane na mkunga mstaafu, na haikuwa na nywila. Simu janja aliyoachiwa na bintiye Nashwa haikuwa na laini. Ilijiunga na waifai hiyo yenyewe, kama paka anayejua jiko la jirani.

Rifaat alijiwekea adabu. Aliiwasha alasiri Nashwa anapopiga, na wakishaagana aliizima. Siku moja shemeji yake alimwomba waangalie tamthilia.

"Ukipewa maji ya kunywa, huyaogi," Rifaat akamjibu.

"Kwani nani kakupa?"

Neno hilo lilimchoma. Shubra mtu mwenye haya hasemi ndiyo kwa karibu ya kwanza, ambayo ni salamu tu, wala kwa ya pili, ambayo ni heshima. Ya tatu, yenye kiapo, ndiyo ya kweli. Rifaat alikuwa hajakaribishwa hata mara moja.

Siku za Nashwa kujifungua zilipokaribia, vijana wa mkahawani wakaigundua waifai. Walihamishia viti ukutani kwa Rifaat, wakatazama mechi mpaka uso wa Nashwa simuni ukawa unaganda mdomo wazi. Bi Insaf, ambaye kila alasiri husikiliza mawaidha mtandaoni, akatokeza roshanini.

"Nani ananinyonya huko chini? Sheikh wangu anakatika katikati ya dua!"

"Labda dua imeshapokelewa, mama!" kijana mmoja akadakia.

"Iliyopokelewa ni ya kukulaani wewe! Leo naifunga!"

Vijana wakaangua kicheko. Rifaat akaweka pasi kando. Kunyamaza hadi hapo kulikuwa haya. Kuendelea kunyamaza kungekuwa wizi. Akatoka, akainua uso.

"Bi Insaf, hata mimi nimo. Naongea na Nashwa tu. Unisamehe."

"Rifaat! Nikusamehe nini? Ngoja nikupe nywila mpya."

"Hapana, hajati," Rifaat akasema, akimwita kwa heshima ya mwanamke aliyehiji. "Mungu akuzidishie. Haiwezekani."

"Chukua, bwana wee. Nyumba ni yako."

"Uishi miaka mingi. Sina haja, wallahi."

Bi Insaf akafungua mdomo kwa mara nyingine. Hapo harufu ya maziwa yanayoungua ikatoka jikoni kwake. "Maziwa yangu!" akapiga yowe, akakimbilia ndani, asitoke tena. Kufikia magharibi waifai ilikuwa na kufuli.

Asubuhi iliyofuata mkwe wake alimpigia kwenye simu yake nyingine, ndogo ya vitufe, harakaharaka: Nashwa amejifungua mtoto wa kike, wote wazima, na alasiri atamwonyesha babu yake. Siku hiyo Rifaat aliunguza kola ya shati la watu. Kuomba ulichokikataa kwa kiapo, kwake, kulikuwa sawa na kurudia matapishi. Alasiri ilipoadhiniwa alisimama chini ya roshani, akakohoa, akaona aibu ya kukohoa, akapanda ngazi.

Bi Insaf alifungua mlango mwiko ukiwa mkononi.

"Nimekuja kuomba nywila."

"Si uliikataa? Tena ukaapa!"

"Ulinikaribisha mara mbili tu, hajati."

Bi Insaf alimkodolea macho, kisha akajipiga paji la uso. "Maziwa! Ya Rabi, ni yale maziwa! Na mimi usiku mzima nasema Rifaat kaninunia."

"Na mimi nasema umenifungia."

"Basi naapa kwa kaburi la marehemu mume wangu, uta—"

"Naingia," alisema Rifaat, na mguu ulikuwa umeshavuka kizingiti.

Hata hivyo hakutaka kuambiwa nywila. Alimpa Bi Insaf simu aandike mwenyewe, naye akageukia ukuta mpaka amalize. Simu ikaita papo hapo. Nashwa alitokea, uso umesawijika kwa uchovu, akafunua khanga kidogo, mtoto akaonekana. Rifaat akaisogeza simu karibu na macho. Mkunga akashindwa kujizuia, akachungulia juu ya bega lake.

"Mwanangu, shikilia shingo ya mtoto! Inua kiwiko! Eeh, hivyo."

Nashwa akainua kiwiko haraka. "Baba, huyo ni nani?"

"Mwenye waifai," alisema Rifaat.