Usaili wa Uwakili Katikati ya Ntumba

Yule ofisa wa kampuni aligoma kushuka kwenye gari.

Alibandika uso dirishani, akalitazama lile bonde lote, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Hawa wote walikufa na nini?"

Mbele yake, mpaka macho yanapochoka, kulikuwa na marundo ya udongo ya mviringo, moja baada ya jingine. Hakuna msalaba, hakuna jina. Na jamaa alikuwa ameshajazwa habari za uchawi wa Sumbawanga tangu Dar, kwa hiyo hapo alipo alijua kabisa ameletwa kuzikwa.

Dada yangu Gaudiosa alikuwa kiti cha nyuma, kicheko kimemjaa. Hakuthubutu kukitoa. Siku ile alikuwa kwenye usaili wa kazi.

Ndiyo, mmesoma vizuri. Usaili wa ofisi ya mawakili, shambani, kwenye upepo wa mwezi wa sita.

Jina langu Dominika, ni mdogo wake wa kufuatana. Yeye mwenyewe yuko bize na kesi za watu, akaniambia kama nataka kusimulia nisimulie, ila nisimpambe. Basi simpambi.

Ilikuwa mwaka tisini na nane, ubinafsishaji umepamba moto. Ukifungua redio ni mwekezaji, ukifungua gazeti ni mwekezaji. Viwanda, mashamba, mabenki, kila kilichokuwa cha serikali kilikuwa kinatafutiwa mwenyewe. Na kila aliyetaka kununua alihitaji mwanasheria, ndipo Dar zikachipuka ofisi za mawakili wa biashara. Wale wa zulia na kiyoyozi, kortini hawaonekani, kazi yao mikataba.

Gaudiosa alikuwa amemaliza sheria pale Mlimani. Lakini digrii peke yake haikufanyi wakili. Lazima kwanza ofisi ikupokee kama mwanafunzi wa kazi, ukae chini ya wakili mzoefu, ndipo uje kuapishwa. Ukikosa ofisi ya kukupokea, wewe ni msomi wa kukaa jikoni na mama yako.

Na ofisi alizikosa.

Aliandika maombi mpaka yule mpiga taipu wa karibu na posta akayashika kwa moyo. Waliojibu walisikitika kumjulisha. Wengine hata kusikitika hawakusikitika, walinyamaza tu.

Ofisi moja ilimwita. Akapanda basi mpaka Mbeya, akalala, akaunganisha mpaka Dar, akaingia usailini na viatu vya kuazima. Mawakili waliokaa pale wakasoma anwani ya Sumbawanga kwenye barua yake, wakatazamana, na swali la kwanza likawa kama tukikuchelewesha mshahara, hutatupiga radi?

Wakacheka sana.

"Mkinichelewesha mshahara nitawashitaki," alisema Gaudiosa. "Radi ya nini, na sheria nimesoma?"

Kicheko kikakatika. Nafasi nayo ikakatika hapohapo.

Akarudi kwetu Izia, pale Sumbawanga mjini, akashika jembe. Vijana wa mtaani wakawa wanamwita Hakimu kila akipita kwenda shambani. Wenzake aliosoma nao walimpa ushauri wa bure. Andika unatoka Mbeya, azima sanduku la posta la mtu wa Mbeya, shida iko wapi? Hakutaka kusikia. Alisema ofisi inayoogopa jina la mji haiwezi kumtisha mtu mahakamani.

Mimi nilimwona ni mjeuri tu. Nilimwambia hivyo, tukanuniana wiki nzima.

Halafu simu ikapigwa parokiani.

Ofisi kubwa ya mawakili ya Dar, mojawapo ya zile zilizonyamaza, ilikuwa inamtuma wakili wake Sumbawanga. Kuna kampuni inanunua shamba la ng'ombe la serikali upande wa Msanzi, wanahitaji mtu wa huku. Gaudiosa afike nyumba ya wageni Jumanne. Akiifanya kazi vizuri, nafasi ya mafunzo itazungumzwa.

Mama alimwombea. Mimi nilimpigia pasi sketi, kununa kumekwisha.

Wakili mwenyewe aliitwa Romani. Suti ya kijivu, maneno ya kuhesabika, Kiswahili cha Dar kimenyooka. Kwa vile Romani lilikuwa jina la ubatizo la baba yake, hukuweza kujua kabila lake. Dar wengine walisema Mhaya, wengine walisema Mngoni, mwenyewe alikuwa anatabasamu tu. Gaudiosa alimwamkia shikamoo mzee, akaitikia, akampa rasimu ya mkataba aisome garini.

Aliisoma. Akairudia toka mwanzo.

Kampuni haikutaka shamba la serikali peke yake. Ilitaka na mteremko wa jirani, ambao kwenye ramani yao uliandikwa pori. Wanakijiji wakutane, wanyooshe mikono kukubali kwamba pale hapatumiki, mchezo uishe. Na uzio ungepita kotekote. Kazi ya Gaudiosa ilikuwa kuyasema hayo kwa Kifipa, maana wazee wa pale mambo ya ardhi wanataka kuyasikia kwa lugha ya nyumbani.

Pori lenyewe ndilo hilo lililomfanya ofisa agome kushuka.

Kwa asiyejua, nieleze. Sisi mvua zikielekea ukingoni, nyasi tunazikata na majembe, tunazifukia, tunarundika udongo juu yake zioze taratibu. Hizo ndizo ntumba. Mvua za msimu mwingine zikija unazibomoa, unatawanya, unapanda ulezi. Kwa hiyo anayeona ntumba ajue jasho limeshamwagika pale, mwenyewe anasubiri mawingu tu.

"Si makaburi," Gaudiosa alimwambia ofisa. "Ni chakula cha mwakani."

Ofisa akashuka, lakini kila rundo alilizunguka kwa mbali na koti lake limefungwa mpaka kidevuni. Romani hakuuliza chochote. Alipita katikati, mikono mfukoni.

Mkutano ulifanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Mama mdogo Marsiana alikuwepo, mdogo wake mama yetu, na ntumba za pale mbele kabisa ni zake. Mzee Mboje naye alikuwepo, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake zamani, mifugo yake inakula mabua pale mavuno yakiisha, kwa makubaliano. Kifipa anakiongea kuliko watoto wetu wa mjini.

Romani alisimama, akasema kwa Kiswahili kifupi. Kampuni inakuja na maendeleo. Itachimba kisima. Itachukua eneo lisilotumika tu. Wanaokubali wanyooshe mikono. Kisha akamgeukia Gaudiosa amfikishie ujumbe.

Aliniambia baadaye kwamba pale alisimama kitambo, na alichokiona si ule mteremko. Aliona zile barua za kusikitika. Aliona joho la uwakili ambalo alikuwa analiota. Alijua akitafsiri neno kwa neno, bila kuongeza chumvi wala kupunguza, hakuna atakayemlaumu, na kesho yake ana kazi. Aliitamani sana ile kazi.

Halafu akapandwa na hasira. Alikasirika kwamba mtu anaweza kuchora ramani, akaandika pori, na jasho la mama yake mdogo likafutika.

Akafungua mdomo, akasema kwa Kifipa, taratibu, asipitwe mtu:

"Huyu bwana anasema watachukua eneo lisilotumika. Eneo lenyewe ni lile lenye ntumba zenu. Ukinyoosha mkono, umesema pale hapana mtu, na wewe mwenyewe si mtu. Kisima kweli watachimba, mkataba nimeusoma. Kitakuwa ndani ya uzio."

Ofisa alikuwa anatabasamu, anasubiri mikono. Romani alikuwa anatazama viatu vyake.

Marsiana ndiye aliyeinuka. Hakuuliza habari za shamba.

"Na kazi yako je, mwanangu?" aliuliza kwa Kifipa.

"Kazi yangu ni hii, mama."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mzee Mboje aliizamisha yake yote miwili ndani ya koti, akakaa hivyo mpaka mkutano ukafungwa.

Njia nzima ya kurudi mjini ofisa alifoka. Alitaka kujua binti amewaambia nini wale watu. Gaudiosa akamjibu amewaambia aliyoyasema wakili, na maana yake. Ofisa akaapa kwamba huyu ofisi za Dar atazisikia redioni tu, yeye mwenyewe atahakikisha. Dada yangu akatazama nje. Alikuwa ameshalia moyoni akamaliza, machozi ya usoni hakutaka kumpa yule bwana.

Gari liliposimama kwetu Izia, Romani akateremka naye, akamwambia dereva ampeleke ofisa akapumzike, yeye atatembea.

Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi. Nikasikia sauti ya mwanaume mlangoni inasema Kifipa. Kile cha Namanyere chenyewe, cha mtu aliyekinyonya kwa mama.

Nikachungulia. Alikuwa yule wa suti.

"Maneno ya uzio sikukutuma," alisema.

Gaudiosa akashika mlango.

Akamuuliza kama alielewa tangu mwanzo, kwa nini hakumkatiza. Romani akasema mteja anayenunua ardhi yenye watu ananunua kesi ya kurithisha wajukuu, na yeye hilo alikuwa anatakiwa alimwambie tangu Dar. Alikuwa anaogopa kumpoteza mteja. Alipomsikia binti anasema, alijikuta anaomba asinyamaze.

"Nafasi ni yako," alisema. "Mwezi ujao unaanza."

Mimi kisu kilinidondoka. Lakini mtu alikuwa hajamaliza.

"Ila kuna jambo moja. Pale ofisini hakuna anayejua kwetu ni huku. Na wewe ukifika useme unatoka Mbeya."

Gaudiosa akamtazama. Akauliza swali ambalo mimi lisingenijia hata kwa dawa.

"Barua zangu nilizotuma ofisini kwenu, alikuwa anazipokea nani?"

"Mimi," alisema Romani. "Nikiona sanduku la posta la Sumbawanga, naitia kwenye droo. Nilijua akija mtu wa huku ataniamkia kwa lugha yetu mbele ya watu, na mimi nitaitikia bila kufikiri. Juzi mzee mwenye ofisi alikuwa anatafuta mtu wa huku Rukwa, akafungua droo, akazikuta."

Sikilizeni. Miaka yote ile tulikuwa tunawalaani watu wa Dar. Tulisema wanatuogopa, wanatubagua, wanatuita wachawi. Na kweli wapo, wale wa radi si dada aliwaona kwa macho yake? Lakini mlango huu mmoja, ule mkubwa kuliko yote, alikuwa ameushikilia Mfipa mwenzetu kutoka ndani.

Mimi ningemmwagia maji ya viazi. Kwa kweli beseni nilikuwa nimeshalishika.

Gaudiosa hakupiga kelele. Alisema hivi:

"Nakuja. Lakini Mbeya sisemi. Na kila asubuhi nitakuamkia kama tunavyowaamkia wakubwa wetu hapa, magoti na makofi. Ukitaka kunifukuza kwa hilo, uandike sababu kwenye barua, nami nitaisoma mbele ya jaji."

Romani akacheka kidogo. Akaaga, akaondoka kwa miguu bila kusema ndiyo wala hapana.

Barua ya kazi ilikuja. Na ule mteremko ukaondolewa kwenye mkataba, kampuni ikanunua shamba la serikali tu. Ofisa yule sijui aliishia wapi na wala sikumtafuta.

Siku ya kwanza Gaudiosa alifika ofisini mapema, akakaa mapokezi. Pakawa na wateja wenye tai, makarani, na Mama Zita, katibu muhtasi mkuu, mama mkali ambaye hata mawakili walikuwa wanamkwepa. Huyo naye alijulikana ni mtu wa Mbeya, tena anajivunia.

Romani akaingia na mkoba wake.

Dada yangu akainuka, akakunja magoti pale juu ya zulia, akapiga makofi yale ya taratibu, akamwamkia kwa Kifipa kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni.

Ofisi nzima ikageuka. Romani akaganda, midomo imefungwa.

Ikaitikia sauti nyingine.

Mama Zita alikuwa ameshapiga makofi mawili matatu ndipo akashtukia alichofanya. Mkono akaupeleka mdomoni, amechelewa. Kisha akaona liwalo na liwe, akamalizia salamu yote, na kumuuliza Gaudiosa kwao ni upande gani.

Romani akamtazama Mama Zita, Mama Zita akamtazama Romani. Wamefanya kazi pamoja miaka na miaka, kila mmoja anamficha mwenzake kwamba ni Mfipa.

Wakili akaweka mkoba chini, akapiga makofi.

Leo Gaudiosa ana ofisi yake, na barua za maombi zinazoingia anazifungua mwenyewe, hata za watoto wasiojua kuandika barua.

Ninachotaka mwondoke nacho ni hiki. Wewe unayetafuta kazi, ukiulizwa kwenu wapi, taja kwenu na jina la kijiji juu yake. Anayekukataa kwa hilo atakukataa na kwa jingine, huyo usimpotezee nauli. Na wewe uliyekwisha kuingia ndani ukafunga mlango nyuma yako ili usijulikane, tunakujua. Siku yoyote mmoja wetu atakuamkia mbele ya watu, na mikono yako itapiga makofi kabla hujaizuia.